Mruko Usiojibiwa

SEHEMU YA TISA

Tulimwacha Nubia Tipán ameketi mbele ya jopo la usaili la chuo mjini Cuenca, kidole kikiwa juu ya kioo cha kompyuta na macho kwenye tarehe iliyoandikwa pembeni. Mchoro wa mitetemo aliopewa ausome haukuwa wa zamani. Ulikuwa wa Alhamisi iliyopita.

Na mruko uliokuwa ndani yake ulikuwa wa Lizardo.

Hakuna mwingine aliyeruka hivyo. Lizardo Chicaiza alivunjika mguu utotoni, mfupa ukaunga vibaya, na kila aliporuka kando ya kipima mtetemo mchoro ulionyesha pigo zito, kisha pigo dogo likifuata kwa kuchelewa, kama mtu aliyegonga mlango halafu akajuta kugonga. Nubia aliutazama mruko ule asubuhi nyingi za ujana wake. Angeutambua hata usingizini, na kwa kweli usingizini ndiko alikokuwa akiuona siku hizi.

Lakini Lizardo alichukuliwa na tope la mlima Yanarumi miaka miwili iliyopita. Hakikupatikana hata kiatu chake.

"Umeona nini?" aliuliza Daktari Azucena Vintimilla, mkuu wa jopo.

Jibu sahihi lilikuwa jepesi. Kila anayefanya kazi kwenye milima ya moto anajua kwamba ukitengeneza kipima mtetemo, unaruka kando yake ili aliye kwenye kiti mjini aone kama kinafanya kazi. Alichotakiwa kusema ni neno moja: mtu. Ulimi wake ukatangulia.

"Ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe."

"Ndiyo, Daktari. Amepita karibu na kipima."

Vintimilla alitoa mfukoni punje ya mahindi ya kukaanga, akaitafuna taratibu. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye glovu za sufu zilizokatwa vidole, na hakuwa na desturi ya kubishana na waombaji. Aliuliza jambo moja tu zaidi: kwa nini yeye na mumewe waliacha masomo ya uzamili kule kaskazini wakiwa wamebakiza muda mfupi wamalize?

"Kifua changu," Nubia alisema, kama walivyokubaliana. "Baridi ya juu ilinisumbua."

"Kifua kibaya," alisema Vintimilla, "na umekuja kuomba kusomea milima."

Hakusema kwa ubaya. Aliandika kitu, akamshukuru, akamwomba amwite mumewe.

Kwenye ukumbi Efraín Quishpe alikuwa amesimama, tai imemkaba, ameshika koti la mkewe kama mtu anayesubiri basi. Walikatazwa kuzungumza. Katibu wa idara aliwatazama juu ya miwani kuhakikisha hilo.

Nubia alitaka kumwambia. Alitaka kusema jina moja tu. Lakini alipofungua mdomo, Efraín alimkonyeza kama alivyozoea kumkonyeza kabla ya mitihani, akapita, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini.

Ni vizuri msomaji akumbuke jinsi walivyoomba nafasi hizi. Hawakuandika maombi mawili. Waliandika mradi mmoja wenye nusu mbili: Efraín vipima na minara ya kurushia ishara zake, Nubia matope yanayoshuka mlimani baada ya mvua. Nusu ya mmoja haikuwa na maana bila ya mwenzake. Marafiki waliwaonya kwamba wanajifunga kamba moja shingoni. Nubia aliwajibu kwamba wameishi hivyo tangu waondoke kaskazini, wakifundisha hesabu kwenye shule za jioni na kulala chumba kimoja juu ya duka la viatu, na kwamba akienda chuoni peke yake ataanza kusikia mambo ambayo akiwa na Efraín huwa hayasikii.

Hakufafanua ni mambo gani.

Mlango ulifunguliwa mapema kuliko alivyotarajia. Efraín alikuwa bado ndani. Vintimilla alikuwa amewaruhusu wenzake wa jopo waende kula, na sasa alimwita Nubia aingie aketi karibu na mumewe.

"Mchoro huu nimewaonyesha waombaji wote wa mwaka huu," alisema. "Wengi wamesema mtu. Wengine wamesema jiwe limeanguka. Yupo kijana mmoja wa Loja amesema helikopta, Mungu ambariki. Ng'ombe mmemwona nyinyi wawili tu, kila mmoja kwa wakati wake, mlango umefungwa."

Nubia alimgeukia Efraín. Efraín alikuwa anautazama ukuta.

Ng'ombe alikuwa mzaha wa Lizardo. Kule kaskazini, katika chumba cha zamu walichofanyia kazi wote watatu, mtu akiangusha kikombe mezani au akipiga teke waya na mchoro ukaharibika, profesa alipouliza kuna nini, Lizardo alijibu kwa uso mkavu kwamba ni ng'ombe. Mzaha ukawa desturi. Miaka ile, kila kilichokuwa aibu yao, kilichotakiwa kisijulikane, kilikuwa ng'ombe. Wawili hawa hawakupatana kulisema neno lile leo. Liliwatoka kama mtu anavyofunika uso kwa mkono.

"Labda tumesema hivyo kwa sababu ni ng'ombe kweli," alisema Efraín.

"Tangu majivu yaliyoua majani, hakuna aliyepandisha ng'ombe Yanarumi," Vintimilla alisema. "Na nyinyi mnajua, mmefanya kazi pale. Kwenye maombi yenu mmeandika mko tayari kwenda mlima wowote wa nchi hii, mkaitaja yote kwa majina. Mmeuacha mmoja. Nilipoona hivyo ndipo nikawaita."

Kisha akawaeleza, kwa sauti ile ile ya upole. Kituo cha Yanarumi kilikuwa chini ya uangalizi wake tangu mwaka jana, kule kaskazini walipokitelekeza. Kila Alhamisi, ukungu ukishashika, mtu anaruka kando ya kipima. Vijana wake wamepanda kumtafuta. Hawakumkuta. Walikuta nyasi zimekanyagwa, na juu ya jiwe, mahindi meupe ya kuchemsha yamefungwa kwenye kitambaa safi. Wakati mwingine yeye mwenyewe ameita kwa redio, maana iko redio ndani ya kibanda cha betri: nani huyo, unafanya nini hapo? Hakuna aliyemjibu.

"Vijana wangu sasa hawataki kwenda," alisema. "Wameanza kujisemea mambo. Mimi ni mzee, siogopi wafu, ila naogopa kitu kinachoonekana kwenye kioo changu nami sijui ni nini. Nafasi mbili ninazo. Nikichukua mmoja wenu, mradi wenu hauna miguu. Nikichukua wote wawili, lazima nijue ninawachukua akina nani. Leo ni siku gani?"

Ilikuwa Alhamisi.

Chumba cha zamu kilikuwa chini ya ngazi. Vioo vimepangwa ukutani, mlima mmoja mmoja, kila mlima na mstari wake unaokimbia. Mezani palikuwa na redio ya mkononi kwenye chaja yake, na mbele ya meza palikuwa na kiti.

Nubia alikiona kiti, akasimama mlangoni.

Vintimilla hakumhimiza. Aliketi kwenye kigoda cha pembeni, akafungua kifuko chake cha mahindi, akakiacha kiti kitupu kati yao. Dirishani mawingu yalikuwa yameziba milima yote, na mwanga wa mchana ulikuwa wa rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Walingoja. Efraín alijaribu kuongea juu ya minara, kwamba kituo kikongwe kinaweza kurudia mchoro wa zamani chenyewe, kwamba unyevu ukiingia kwenye nyaya hutokea vituko. Alieleza vizuri. Ukimsikiliza ungempa nafasi palepale.

Mstari wa Yanarumi ukapiga.

Pigo zito. Kisha pigo dogo, limechelewa.

Efraín alinyamaza katikati ya neno.

Likaja tena. Zito, dogo. Halafu kimya kirefu, kama cha mtu aliyesimama ametega sikio.

"Anangoja," alisema Nubia.

"Nubi, usianze," Efraín alisema kwa sauti ya chini.

"Anangoja kujibiwa, Efraín. Hatashuka."

Vintimilla aliacha kutafuna. Akauliza kwa nini hatashuka.

Sasa Nubia alisogea mpaka kwenye kiti, lakini hakuketi. Alishika mgongo wake kwa mikono miwili. Alieleza sheria yao ya kaskazini. Anayepanda mlimani haongei kwanza, kwa sababu baridi inakula betri ya redio. Anaruka. Aliye kwenye kiti akiuona mruko, anachukua redio na kusema: nimekuona, shuka. Mpaka maneno hayo yasikike, aliye juu haondoki, maana huenda kipima hakijapona na safari nzima itakuwa bure. Lizardo alikuwa mshika sheria hiyo kuliko wote. Alitaniwa kwamba angengoja mpaka aote ndevu.

"Siku ile zamu ilikuwa yetu," alisema Nubia.

"Yangu," Efraín alisema. "Zamu ilikuwa yangu. Mwache."

"Ilikuwa yetu. Daktari, sisi hatukuacha chuo kwa sababu ya kifua changu. Kifua changu ni kizima. Tuliacha kwa sababu kiti kilikuwa kitupu."

Alipolisema, alionekana kama mtu aliyetua ndoo kichwani na bado shingo haijaamini.

Yaliyobaki aliyasema taratibu. Alikuwa ametangulia kupanda paani, mahali walipopenda kukaa, chini ya bati. Efraín alikuja nyuma yake na vikombe viwili vya morocho, ule uji wa mahindi na maziwa aliokuwa akiuchemsha kwenye jiko la umeme pale pale chumba cha zamu. Juu kule alimposa. Morocho ilikuwa imepoa imeshika utando, na Nubia alimtania kwamba mwanamume anayeposa kwa uji baridi atamlaza mke njaa. Walicheka. Nubia alisema ndiyo. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hata hawakusikia kitu kingine.

Waliposhuka, mchoro wa Yanarumi ulikuwa umejaa. Mruko, kimya. Mruko, kimya. Mruko tena. Kisha mtetemo mnene wa tope linaloshuka, unaoanza mdogo na kuvimba mpaka kufunika ukurasa wote. Na baada ya tope, mstari mnyoofu.

"Alikuwa anatungoja sisi," alisema Nubia. "Alisimama pale akiruka, anatungoja, mpaka likamkuta."

Wakubwa wa kule kaskazini walitangaza kwamba kijana alipanda bila ruhusa na kwamba mtambo ulikatika mapema. Wawili hawa walikuwa na uwezo wa kusema vingine. Hawakusema. Sitaki kuwahukumu haraka. Walikuwa vijana, na aliyewatungia uongo ule alikuwa anashika alama zao mkononi. Lakini msibani, kwenye nyumba isiyo na jeneza, mama yake Lizardo, Doña Rosaura, ambaye aliwahi kuwalisha mezani kwake kama wanawe, aliwauliza swali moja tu: mwanangu alijibiwa?

Nubia alimjibu kwamba mashine ilikuwa imekufa. Efraín hakufungua mdomo siku ile, wala kwa pole. Watu walisema ni uchungu.

Doña Rosaura alimtazama Nubia kwa muda mrefu, akaenda kuwaongezea wageni supu.

Nubia alimaliza kusimulia. Vintimilla alivua glovu moja, akaikunja, akaivaa tena.

"Nimekaa kwenye kiti cha namna hiyo maisha yangu yote," alisema mwishowe. "Yapo mambo niliyoyaona kwa kuchelewa. Sitakwambia si kosa lako, kwa sababu unajua kusoma mchoro kuliko mimi. Nitakwambia hivi. Nafasi ni zenu. Wote wawili. Sharti langu ni moja: haya uliyoniambia, mtakwenda kumwambia yule mama."

Nubia aliinamisha kichwa. Nafasi waliyoililia tangu mwezi wa pili, chumba juu ya duka la viatu, shule za jioni, vyote viliishia hapa, na vimeishia kwa ukweli, jambo ambalo hakuwahi kulipigia hesabu.

Efraín ndiye aliyesema hapana.

Alisema kwa heshima. Alishukuru. Kisha akaeleza kwamba haoni faida ya kumfukulia mama mzee jeraha lililoanza kufunga, kwamba ukweli mwingine ni kujipa raha mwenyewe kwa gharama ya mwenzako, kwamba wangeweza kumpelekea chakula, kumwezekea paa. Aliongea haraka. Nubia alimshangaa. Kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akimsihi mkewe apumzike, alale, na kila mara alimwambia zamu ilikuwa yangu, laumu mimi. Leo mzigo unatuliwa, naye anauzuia kwa mikono miwili.

Mstari ukapiga tena. Zito, dogo.

Nubia akaketi kwenye kiti.

Akachukua redio.

"Nubia, weka chini," alisema Efraín. "Nubia. Hakuna mtu kule."

Lakini kidole cha Nubia kilikuwa kimeshabonyeza.

"Nimekuona," alisema Nubia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, akairudia iwe ile ya zamani, ile ya kazini. "Nimekuona. Shuka."

Aliachia kitufe.

Mstari wa Yanarumi ulitulia. Ulikimbia mnyoofu, kama maji kwenye beseni. Vintimilla alikuwa amesimama, mkono kifuani. Efraín alipumua kwa nguvu, akaanza kutabasamu lile tabasamu la mtu aliyeshinda ubishi.

Redio ikakwaruza.

Kwanza upepo. Upepo wa juu, ule usio na mti wa kuupunguza. Kisha mtu akikohoa, akitafuta kitufe, akikipoteza, akikipata.

"Kumbe wewe ndiye," ilisema redio.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mama wa makamo aliyezoea kuongea na kuku na watoto. Nubia aliitambua kabla haijamaliza. Aliwahi kuisikia ikimwambia, kula mwanangu, umekonda kama ufagio.

"Doña Rosaura," alisema.

"Nakuja kila Alhamisi," sauti ilisema bila haraka. "Siku yake ilikuwa Alhamisi. Wageni wananiita, nani huyo, unafanya nini. Hilo si jibu. Mwanangu aliniambia jibu ni moja. Nikasema, nitaruka mpaka anijibu mtu anayelijua."

Nubia alimsogezea Vintimilla redio, akambonyezea kitufe. Vintimilla aliinama akamuuliza yule mama, kwa adabu sana, aliwezaje kuruka kama mwanawe.

"Unaniuliza mimi? Mtoto yule nilimfundisha kutembea mara mbili. Mara ya kwanza kama watoto wote, na mara ya pili baada ya mguu. Naujua mguu wake kuliko wangu. Alinionyesha uani, mama, tunaruka hivi. Tulikuwa tunaruka wote wawili, majirani wanacheka."

Upepo ukapita. Nubia alifuta uso kwa kiganja. Akabonyeza kitufe, akasema lile alilokuwa amelibeba.

"Mama, nilikudanganya msibani. Mashine haikufa. Hatukuwa kwenye kiti. Hakuna aliyemjibu Lizardo."

Vintimilla akanyoosha mkono kuangalia taa ya redio.

"Najua ulinidanganya," Doña Rosaura alisema. "Nilijua pale pale. Lakini hata sasa, mwanangu, unasema lisilo kweli, ila safari hii naona hujui. Lizardo alijibiwa."

Nubia hakuelewa. Alisema hapana, mama, chumba kilikuwa kitupu.

"Alinipigia simu kutoka hapa nilipo. Pale kwenye jiwe simu inashika. Alinipigia kunitania, anasema, mama nalowa kama chura. Nikamwambia shuka basi. Hapo nikasikia redio yake. Niliisikia mwenyewe, kwenye simu, nyuma ya mvua. Mwanamume. Alimwambia, nimekuona, lakini usishuke. Baki hapo hapo, endelea kuruka mpaka nirudi. Lizardo akacheka, akaniambia, haya mama, nimeshajibiwa, nifanye kazi. Akakata."

Nubia alikuwa bado ameshika redio karibu na mdomo. Hakubonyeza kitu.

Endelea kuruka mpaka nirudi. Kwa hiyo ile miruko iliyojaa ukurasa, ambayo kwa miaka miwili ilimwamsha kitandani, haikuwa ya mtu asiyejibiwa. Ilikuwa ya mtu anayetii.

Vintimilla aliuliza kwa sauti ndogo ni nani wengine waliokuwa na ufunguo wa chumba kile cha kaskazini. Aliuliza bila kumtazama yeyote. Efraín alijibu kwamba profesa alikuwa nao. Alijibu haraka, na baada ya kujibu alilegeza tai, kisha akaikaza tena.

"Sikumtambua aliyesema," sauti ya redioni iliendelea. "Sauti ya redio si sauti ya mtu mezani kwako. Msibani nilimsikiliza kila mwanamume aliyenipa pole. Mmoja hakunipa. Sikutaka kumdhania vibaya mtoto niliyemlisha. Ndiyo maana nikasema, siku moja nitaisikia sauti ile tena palipo mahali pake, ndani ya redio, na upepo huu huu nyuma yake."

Alikohoa.

"Sasa hivi uliponijibu, kuna mwanamume alisema nyuma yako. Alisema, weka chini. Sikumsikia vizuri. Mpe redio, mwanangu. Sitaki aniombe radhi wala anieleze. Aseme tu, baki hapo hapo. Kisha nitashuka."

Nubia aligeuka na kiti.

Efraín alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa vioo, na mistari ya milima yote ilikuwa inakimbia pande zote za kichwa chake. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alikuwa na uso ule ule aliompenda, uliolowa mvua siku ile, ukiinama kumpa kikombe.

Na hapo Nubia akakikumbuka kikombe chenyewe. Alikikumbuka kwenye viganja vyake. Morocho ilitoka jikoni inachemka, kila siku iliwaunguza ndimi. Ngazi ya kwenda paani ilikuwa fupi, mtu aliipanda kwa pumzi moja. Na uji aliopewa siku ya kuposwa kwake ulikuwa baridi, umeshika utando. Aliyeuleta alikuwa amekawia chumbani, kando ya redio.

Akamnyooshea redio.

"Sema," alimwambia mumewe.